Fundi bomba wa dharura Mtwara Mjini: huduma ikoje, na ukague nini kabla ya kumlipa

Bomba likipasuka saa tano usiku Shangani, Chuno au Magomeni, fundi anapatikana. Hilo liwekwe wazi mapema, kwa sababu wapangaji wageni mjini hukesha wakikausha sakafu kwa matambara wakidhani hakuna wa kumpigia. Huduma ya dharura ya bomba hapa Mtwara kwa sehemu kubwa haina ofisi wala kaunta. Ni fundi mmoja mwenye simu, begi la vifaa na bodaboda ya kumleta, na namba yake utaipata kwa muuza vifaa vya ujenzi, kwa vijana wa kijiweni nje ya duka hilo, au kwa jirani aliyemaliza kujenga.

Kwa kasi, huduma hii ni nzuri. Kwa bomba za chuma ni nzuri sana. Kwa bomba za PPR, yaani zile za plastiki za kuchomelea, inategemea umempata nani, na kwa kupima kazi baada ya kufunga ni dhaifu mno. Udhaifu huo wa mwisho ndio unaofanya jointi iliyofungwa Jumatatu ivuje tena Alhamisi.

Mji wenyewe si mkubwa. Fundi wa Magomeni anayekwenda Ligula au Rahaleo hachukui muda. Mikindani na Naliendele ndiko kuna umbali, na nauli ya usiku utaikuta kwenye bei. Msimu wa korosho nao, pesa zikishaingia na watu wakaanza kujenga, mafundi wazuri wako saiti mchana kutwa, na simu ya mchana inaweza kujibiwa magharibi. Lakini kinachokwamisha kazi zaidi ya yote ni vipuri. Duka likishafungwa, soketi ya nusu inchi inaweza kukulaza bila maji, kwa hiyo fundi wa usiku hupimwa kwa begi lake.

Begi linalostahili kuitwa la dharura lina paipu renchi mbili, moja ya kushikilia na moja ya kuzungushia, spana malaya, msumeno wa chuma wenye wembe wa akiba, tredi tepu (tepu nyembamba ya kuzungushia uzi wa bomba) zisizopungua tatu, soketi, elbo, nipo, yunioni na plagi za nusu inchi na robo tatu, bol valvu (koki ya kufunga kwa robo mzunguko) moja ya kila saizi, jointi za kubana za bomba jeusi la plastiki, fleksibo (mipira laini ya kuunganishia sinki na choo) mbili, wosha za mpira na tochi ya kichwani. Plagi hasa. Fundi mwenye plagi nne anaweza kuliziba tawi lililopasuka, akakurudishia maji chooni na jikoni, na kazi yenyewe ikasubiri duka lifunguliwe. Asiyekuwa nazo atakufungia maji ya nyumba nzima hadi asubuhi.

Maji yafungwe kabla fundi hajafika

Nyumba nyingi za hapa zina njia mbili za maji: ya mamlaka ya maji inayotoka kwenye mita, na ile inayoshuka kutoka kwenye simtanki. Ukifunga moja, nyingine inaendelea kumwaga, na hapo ndipo watu huanza kuilaani koki ambayo haina kosa. Funga ya baada ya mita, funga ya chini ya tanki, halafu fungua bomba lililo chini kuliko yote, kwa kawaida la uani, ili maji yaliyobaki kwenye njia yatokee huko na si sebuleni. Mkondo wa lita 20 kwa dakika unamaliza simtanki la lita 1,000 kwa dakika 50. Fundi akifika baada ya saa moja na hukufunga kitu, amekuja kuangalia tanki tupu na godoro lililolowa.

Maji yakikaribia soketi ya umeme au hita ya kuogea, zima meini swichi kwanza, ukiwa umesimama pakavu na umevaa viatu vikavu. Kama meini swichi yenyewe iko upande wenye maji, usiifuate. Toa watu nje upige simu TANESCO.

Koki kuu za nyumba za zamani nyingi ni geti valvu, ile ya mkono wa mviringo. Ndani yake kuna kisahani kinachopandishwa na kushushwa kwa skrubu. Maji ya visima vya ukanda huu wa matumbawe huacha chokaa kwenye skrubu hiyo, na nje hewa ya bahari inaula mkono na nati. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa ndiyo inayogoma usiku wa shida. Mkono ukizunguka bila kukaza, kisahani kimeachana na shina. Usiongeze nguvu kwa paipu renchi, utalikata shina na maji yatapata njia ya pili. Maji yakichuruzika pembeni mwa shina, kaza nati ndogo ya juu robo mzunguko tu, inatosha kubana pakingi.

Koki ya tanki ikikataa kabisa, kuna njia mbili za haraka. Kwanza zuia maji mapya: inua mkono wa boya hadi juu uufunge kwa kamba, tanki halitaongezwa. Pili, ziba tundu la kutokea kwa ndani. Viringisha kitambaa kigumu kwenye ncha ya mti, ufunge kamba ndefu, kisha ukandamize kwenye tundu. Maji yenyewe yatakivuta na kukibana. Kamba ibaki nje ya tanki, la sivyo kitambaa kitaingia kwenye bomba na utakuwa umejiongezea kazi.

Kifaa kimoja tunachokipa alama zote katika mjadala huu ni bol valvu ya shaba baada ya mita na nyingine chini ya tanki. Inafungwa kwa robo mzunguko, mtoto wa miaka kumi anaiweza, na ukiangalia mkono wake unajua hali: ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikaa msalaba imefungwa. Dukani zipo za shaba kweli na zipo za chuma laini zilizopakwa rangi ya kung'aa. Nenda na sumaku ndogo: mwili wa shaba hauvutwi. Ila sumaku haikamati zinki ya kupakwa kromu, hivyo pima pia kwa uzito. Valvu ya nusu inchi inayokaa mkononi kama kifuniko cha soda iache hapo hapo. Ukishaifunga, ifunge na kuifungua mara moja kila mwezi ili chokaa isipate kukaa.

Simu ya kwanza inakuonyesha fundi

Fundi anayejua kazi anauliza kabla ya kupanda bodaboda. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Fundi, habari za saa hizi? Bomba la jikoni limepasuka."
"Salama, pole mama. Maji umeshayafunga?"
"Ya mita nimefunga. Ya tanki yamegoma."
"Bomba lenyewe ni la chuma, jeusi, au lile la kijani au jeupe la kuchomelea?"
"La kijani. Linatokea ukutani."
"Umeme upo? Mashine yangu inataka umeme."

Hapo unajua anajua anachokifuata. Anayesema "nakuja" tu na kukata simu atafika, ataangalia, kisha aondoke kutafuta vifaa, na bodaboda hiyo ya pili unailipa wewe. Mtumie picha mbili kwa WhatsApp: moja ya karibu yenye kiberiti pembeni ili akadirie unene, nyingine ya mbali inayoonyesha bomba linatoka wapi. Kama lina maandishi, yapige picha. Saizi na daraja la bomba huchapwa pale.

Swali la umeme si dogo. Bomba za PPR huunganishwa kwa mashine ya kuchomea, na umeme ukikatika mashine ni chuma tu. Fundi mwenye akili ya dharura hubeba jointi za kubana au soketi za PPR zenye uzi wa shaba, akakupitisha usiku, akarudi kuchomea umeme ukirudi. Asiyekuwa nazo atakuambia tusubiri.

Kazi yenyewe, bomba kwa bomba

PPR ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo simama uangalie. Mashine ifike nyuzi joto 260 kabla ya kuanza. Taa yake ya kudhibiti joto huonyesha. Bomba la milimita 20, ambalo mafundi huliita nusu inchi, hupashwa sekunde 5. La 25, yaani robo tatu, sekunde 7. La 32, inchi moja, sekunde 8. Bomba na soketi hupashwa kwa pamoja, hutolewa kwa pamoja, husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, kisha hushikwa bila kutikisika. Zile mbili ndogo ziachwe dakika 2 kabla ya kuguswa, la 32 dakika 4. Kabla ya kupasha, fundi apime na kuweka alama ya kina cha kuingiza, milimita 14 hivi kwa bomba la 20, na akate kwa mkasi wa PPR ili mdomo uwe sawa.

Makosa yanajulikana. Akizidisha muda, plastiki huyeyuka na kujikunja ndani, tundu likabaki kama la kalamu. Utaona bomba halivuji ila shawa imekuwa ya matone. Akipunguza, jointi hushika juu juu na kuachia siku presha ikipanda. Akizungusha wakati wa kusukuma, anachora njia ya maji. Na kosa baya kuliko yote usiku ni kuchomea bomba lenye maji. Tone moja hugeuka mvuke, mvuke hutoboa vitundu visivyoonekana. Ndiyo maana koki ya tanki lazima ifunge kabisa na njia ikaushwe kwa kitambaa hadi ndani. Fundi anayesema "haya maji kidogo hayana shida" msimamishe.

Kwa bomba za chuma mafundi wa Mtwara ni hodari, hasa wazee waliozifunga kabla ya plastiki kuenea. Ukimpigia mmoja wao, shikamoo kwanza. Tatizo hapa ni kutu. Kwenye nyumba zilizo karibu na bahari, uzi wa bomba huliwa kuanzia nje, pale ambapo ukataji uzi ulipunguza unene wa chuma. Tundu likitokea karibu na soketi, kubadilisha soketi pekee hakusaidii. Kata kipande chote kibovu, chonga uzi mpya, rudisha kwa yunioni, jointi inayofungwa na kufunguliwa bila kuzungusha bomba. Kuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ni msaada wa usiku mmoja: uvutwe kwa nguvu, uanze sentimita 10 kabla ya tundu na kuishia 10 baada yake, ufungwe waya juu. Unasaidia kweli. Ila asubuhi mpira huo utolewe.

Tredi tepu izungushwe kufuata mwelekeo wa uzi, yaani ukiutazama mdomo wa bomba unazungusha kama mishale ya saa. Ikizungushwa kinyume hufumuka fundi anapokaza. Tepu nyembamba ya kawaida kwenye uzi wa chuma inahitaji mizunguko kama 10. Kwenye uzi wa plastiki ipungue, maana tepu nene na mkono mzito hupasua soketi. Katani na rangi ya mafuta bado ni kifungo kizuri kwa chuma, ila hakifai kwa plastiki.

Fleksibo za sinki na choo hupasuka bila taarifa, nyingi zikianzia pale bomba linapobanwa kwenye nati. Ukiona nyuzi za chuma zimeanza doa la kutu au zimetuna, badilisha, usingoje. Hukazwa kwa mkono hadi mwisho, kisha robo mzunguko kwa spana. Upande wenye wosha ya mpira hauwekwi tepu hata kidogo; tepu inaizuia wosha kukaa sawa, na fundi anayeiweka pale hajui nini kinachozuia maji.

PVC ya gundi ina shida ya haraka. Gundi inahitaji sehemu kavu, safi, iliyosuguliwa kwa msasa, na saa kadhaa kabla ya kupewa presha. Usiku mzima ni bora. Chunga pia fundi asiweke jointi za bomba la maji machafu kwenye njia ya presha kwa sababu tu ndizo zilizopatikana. Zitashika, kisha zitaachia.

Kupima

Hapa ndipo huduma inapodondokea. Fundi anamaliza, anafungua koki ya tanki, anaangalia dakika mbili, anasema tayari. Tanki lililo juu ya mnara wa mita 6 linasukuma kwa presha ya takriban bar 0.6 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo cha maji ni sawa na bar 1. Kama bomba lililotengenezwa hupokea maji ya mamlaka moja kwa moja, presha yake inaweza kuwa mara kadhaa ya hiyo, na penye mgao maji huja yakisukuma hewa mbele yake na kuipiga jointi kwa kishindo. Jointi iliyopita mtihani wa tanki inaachia usiku wa mgao, watu wamelala.

Kwa hiyo dai bomba lipimwe kwa maji yatakayopita humo. Kama ya mamlaka hayajaja, kubalianeni sehemu ya malipo ibaki hadi yaje, na waambie wa nyumbani wasiache bomba lolote wazi wakati wa mgao. Maji yakiwepo, fungua polepole, kausha kila jointi kwa kitambaa, zungushia tishu kavu, subiri nusu saa. Tishu huonyesha jasho ambalo jicho halioni. Kisha funga bomba zote za ndani na utazame mita. Kigurudumu kidogo kwenye uso wake kikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanakwenda. Kwa Mtwara kipimo hiki ni cha lazima, kwani ardhi yetu ya mchanga inameza uvujaji wa chini bila kutoa hata dimbwi. Wengine huujua kwa bili.

Maji machafu ni kazi nyingine

Fundi bomba wa maji safi si lazima awe mzuri kwenye chemba. Kabla ya kumwita yeyote, fungua kifuniko cha chemba ya kwanza nje. Ikiwa imejaa, kizibo kiko mbele yake, kuelekea shimoni, au shimo lenyewe limejaa. Ikiwa tupu na choo hakishuki, kizibo kiko kati ya choo na chemba, na waya wa kuzibulia au pampu ya mpira hutosha. Kama umeshamwaga kostiki soda, mwambie fundi kabla hajaingiza mkono. Usimwage asidi na dawa ya klorini kwa pamoja. Gesi yake inaumiza mapafu.

Shimo lisiingiwe na mtu. Haidrojeni salfaidi hunuka mayai yaliyooza kwa kiwango kidogo, lakini ikizidi pua huacha kuihisi, na mtu huanguka kabla ya kuomba msaada. Fundi anayejitolea kushuka na kamba kiunoni arudishwe nyumbani. Anayehitajika ni gari la kunyonya. Unapoliita, taja umbali kutoka pale gari linapoweza kusimama hadi shimoni, maana mpira una kikomo na vichochoro vya uswahilini havipitishi lori. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, shimo lisilosakafiwa chini linaweza kujaa tena upesi kwa maji ya ardhini, na tanki la plastiki la maji machafu lililozikwa, likitolewa maji yote, linaweza kuinuliwa na maji hayo. Liachwe na kiasi chini.

Uvujaji ukiwa kabla ya mita, au mita yenyewe ikivuja, usimwite fundi wa mtaani. Ni kazi ya mamlaka. Mtwara Mjini ni MTUWASA, Lindi ni LUWASA, na Masasi na Nachingwea ni MANAWASA. Namba ya mita iwe mkononi unapopiga. Usikate lakiri wala usiguse koki ya kabla ya mita, hata fundi akikuambia anaijua.

Bei, izungumzwe kabla ya begi kufunguliwa. Igawe mara tatu: ufundi, nauli na vifaa. Vifaa vije na risiti, au vihesabiwe mbele yako kama vimetoka kwenye begi. Kipuri kibovu kibaki kwako. Fundi akikifungia na kuondoka nacho, kesho huwezi kununua saizi sahihi wala kujua kilikufa kwa nini. Ufundi wa usiku kuwa ghali kuliko wa mchana ni haki yake. Kulipia safari ya pili kwa jointi ile ile ndani ya wiki si haki, na neno hilo litamkwe mapema, mkiwa bado mnasalimiana. Mwisho, aandike tarehe na namba yake ya simu kwa kalamu ya wino mzito kwenye simtanki, karibu na bol valvu, pale ambapo hata mgeni mwenye tochi ataiona.